Simu imeandika "kaburi" mahali pa "karibu", nami natakiwa kujieleza

Mama Mshauri, shikamoo.

Nina miaka 36, ni mama wa watoto wawili, na huu ni mwaka wangu wa tisa nikiwa katibu muhtasi wa chama kimoja cha akiba na mikopo. Mji wetu naomba nisiutaje, maana jambo lenyewe limeshasambaa.

Mwezi wa tano nilimzika mama yangu. Mimi ndiye kifungua mimba, kwa hiyo shughuli zote zilipitia kwangu: michango, chakula cha waombolezaji, na baada ya arobaini, kujengea kaburi. Fundi yuko kijijini, mimi niko mjini, ndugu wengine wametawanyika, hivyo mambo yote yalikwenda kwa simu kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. "Mchango wa kaburi umefika laki tatu." "Vigae vya kaburi vimepungua boksi mbili." "Nani ataenda kuangalia kaburi Jumamosi?" Kwa miezi miwili sidhani kama ilipita siku ambayo sikuliandika neno hilo.

Mwezi uliopita chama kilikuwa kinajiandaa kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka. Mgeni rasmi alichaguliwa mzee mmoja mstaafu, mmoja wa waasisi wa chama, mwenye miaka 78. Alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka Dar es Salaam kwenye matibabu. Alhamisi hiyo umeme ulikatika tangu asubuhi. Saa tisa alasiri meneja akaja mezani kwangu akasema dereva anapita njia ya kwa mzee jioni hiyohiyo, lazima aondoke na barua ya mwaliko. Nikaiandika kwenye simu. Nikaisoma mara mbili. Nikamtumia meneja rasimu, na haikupita nusu dakika akanirudishia dole gumba. Nikaituma duka la steshenari lenye jenereta, ikachapwa kwenye karatasi yenye nembo yetu. Nikakimbia nayo hadi nje alipokuwa Mwenyekiti wa Bodi, akaisaini juu ya boneti ya gari huku anaongea na simu. Nikagonga muhuri.

Mstari wa mwisho ulitakiwa kusomeka: "Karibu sana, Mzee wetu." Ukasomeka: "Kaburi sana, Mzee wetu."

Kesho yake mtoto mkubwa wa mzee alipiga simu ofisini kwa hasira, akauliza kama chama kinamwalika baba yake mkutanoni au kinamtangulizia jeneza. Jioni picha ya barua, sahihi na muhuri vikionekana, ilikuwa kwenye makundi ya mji mzima. Watu wanacheka mpaka leo.

Meneja ameniandikia barua ya kunitaka nijieleze kwa maandishi, kabla ya mwisho wa mwezi huu, kwa nini nisichukuliwe hatua za kinidhamu kwa uzembe ulioaibisha chama. Kinachoniuma ni kwamba mwaka jana yeye mwenyewe alituma tangazo kwa wanachama wote kwamba kikao kitaanza "saa tattoo asubuhi", maana simu yake imewekwa Kiingereza na neno "tatu" hailijui. Mhasibu naye aliwahi kufunga barua ya kwenda benki kwa maneno "Waco katika ujenzi wa taifa". Tulicheka, yakaisha. Hakuna aliyeandikiwa barua.

Mume wangu anasema niambatanishe picha ya skrini yenye dole gumba la meneja, na niandike wazi kwamba Mwenyekiti alisaini bila kusoma. Shangazi yangu anasema huwezi kumshitaki mkubwa kwa mkubwa mwenzake, nikubali kosa lote, niombe radhi, nilinde kazi yangu. Mimi naandika na kufuta, naandika na kufuta.

Jambo moja sijamwambia mtu yeyote ofisini: kwamba simu yangu ililizoea neno lile kwa sababu ya kaburi la mama. Wanajua nimefiwa, walikuja mazishini. Lakini nikilisema hilo sasa wataona namtumia marehemu kama kinga. Mabinti wa kaunta wananiita "Mama Kaburi". Nacheka nao, kisha naenda chooni nalia.

Naapa niliposoma barua ile niliona "karibu". Je, mimi ni mzembe? Na nijieleze vipi?

Katibu Muhtasi, Kanda ya Kati

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa msiba wa mama. Kujenga kaburi kwa simu miezi miwili, ukiwa mbali, na kila asubuhi unaingia kazini kama kawaida, ni mzigo mzito. Umeueleza mbiombio ili ufike kwenye habari za ofisi. Mimi niliposoma nilisimama hapo kwa muda kabla ya kuendelea.

Nilivyokuelewa, mambo matatu yamefungwa kwenye kamba moja. Ofisi inataka maelezo, na hujui uandike kiasi gani cha yaliyotokea. Kuna mzee mgonjwa aliyepokea neno baya katika barua yako. Na wewe mwenyewe umeanza kutilia shaka umakini wako wa miaka tisa. Nahisi hilo la tatu ndilo linalokufanya uandike na kufuta, kwa hiyo niruhusu nianze nalo.

Chukua karatasi uandike "karibu". Chini yake andika "kaburi". Hesabu herufi: sita na sita, na ni zilezile, hakuna iliyoongezeka wala iliyopungua. Ka imebaki mahali pake, ri na bu zimebadilishana nafasi. Mtu anayesoma kwa kasi hapiti herufi moja moja. Macho huchukua umbo la neno, na akili hujaza inachokitarajia. Wewe uliyeitunga barua ulitarajia "karibu", na ukaiona. Ungeirudia mara tano, huenda ungeiona mara tano. Nakuamini unapoapa.

Wala si ofisi yenu tu. Mwaka 2018 Benki Kuu ya Australia ilitoa noti mpya ya dola 50 yenye maandishi madogo sana, na ndani yake neno la Kiingereza lenye maana ya "wajibu" lilikuwa limepungukiwa herufi moja. Noti milioni 46 zilikuwa zimeshachapwa. Kosa lilikuja kutangazwa Mei 2019, baada ya noti hizo kupita mikononi mwa wachoraji, wachapaji, wakaguzi na raia kwa miezi mingi.

Tuje kwenye simu. Kibodi ya simu hujifunza kwa mwenye simu. Maneno unayoyaandika mara kwa mara huyaweka mbele, na kidole kikiteleza, tuseme ukaandika "karbu" kwa haraka, hutafuta neno linalofanana ambalo inajua unalitumia. Kwa miezi miwili neno hilo kwako lilikuwa kaburi. Hata kama umeme ungekuwepo na ukaandika kwenye kompyuta, kikagua tahajia kisingekushtua, kwa sababu kaburi ni neno sahihi kabisa la Kiswahili. Na katika ofisi nyingi programu ya kuandikia imewekwa Kiingereza, hivyo barua nzima ya Kiswahili hupigiwa mistari myekundu mpaka mwandishi anazoea kutoiangalia.

Watafsiri wa Umoja wa Ulaya wana jina la kosa la aina hii. Programu za zamani hazikulijua neno la Kiingereza la ushirikiano, "cooperation", likiandikwa bila kistari katikati. Zikawa zinapendekeza "Cupertino", mji wa California. Mtu akibonyeza kukubali bila kuangalia, waraka unatoka ukizungumzia Cupertino kati ya nchi na nchi, na nyaraka za namna hiyo zilipatikana hata Umoja wa Mataifa na NATO. Tangu hapo wanaiita athari ya Cupertino: neno lililoandikwa sawasawa, likakaa mahali pasipo pake. Nakupa habari hii kwa sababu nawe uko kwenye ushirika, na kwa sababu waliokosea huko walikuwa watu ambao kazi yao ni maneno.

Hata hivyo, mwanangu, sitakuambia kwamba huna sehemu yako. Barua ilitoka kwako. Ila nataka uliangalie upya neno "mzembe". Mzembe ni mtu aliyekuwa na nafasi ya kuangalia akaacha kwa kutojali. Wewe uliangalia mara mbili, kwa macho yaleyale yaliyoandika. Meneja alipelekewa rasimu akarudisha dole gumba. Mwenyekiti aliweka sahihi huku masikio yake yakiwa kwenye simu. Watu watatu waliishika barua ile, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amepewa kazi ya kuisoma kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza. Je, ofisini kwenu kuna utaratibu unaosema barua isitoke kabla mtu wa pili hajaisoma? Kama haupo, swali la uzembe ni pana kuliko meza yako.

Sasa hiyo barua ya kujieleza. Njia ya shangazi yako ina hekima yake. Kukubali moja kwa moja hupoza hasira, na wakubwa wengi wakishapata radhi huridhika. Hatari yake ni kwamba karatasi hiyo itaingia kwenye faili lako. Ukiandika kwa mkono wako kwamba ulikuwa mzembe, mwaka kesho kukitokea jingine, itatolewa. Shangazi anajua tabia za watu. Sina hakika kama anajua tabia za mafaili.

Njia ya mumeo nayo inatokana na mapenzi, hataki ubebeshwe peke yako, na picha anayoitaja ni ya kweli. Lakini jiulize meneja ataisomaje. Mtu akionyeshwa dole gumba lake mbele ya Bodi anaweza kunyamaza, na anaweza pia kukasirika kimyakimya na kukungojea. Na Mwenyekiti ndiye mkubwa wa wote wawili. Unaweza kushinda hoja ukabaki na ofisi isiyokaliki.

Kati ya hizo mbili iko namna nyingine, nayo haikosi hatari. Ni kueleza mtiririko wa siku ile kama ulivyonieleza mimi, saa kwa saa, bila kumhukumu mtu: umeme ulikatika, maelekezo nilipewa saa tisa, rasimu niliituma saa fulani nikajibiwa saa fulani, ikachapwa, ikasainiwa, ikagongwa muhuri. Kisha unaandika sehemu yako kwa sentensi moja iliyonyooka, na radhi kwa mzee na kwa chama. Picha ya skrini unabaki nayo. Hujaificha, ukiulizwa utaionyesha. Uzuri wake ni kwamba umesema kweli yote. Ubaya wake ni kwamba msomaji mwenye hofu anaweza kuona lawama hata mahali ambapo hukuiweka. Wewe unamjua meneja wako, mimi simjui.

Katika kupima hayo ujue na hili, lisikupe kiburi, likupunguzie tu hofu. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, zinasema kosa la kwanza halihalalishi mfanyakazi kuachishwa kazi, isipokuwa ithibitike kuwa ni zito kiasi cha kufanya uhusiano wa kazi usivumilike. Na mkifika hatua ya kikao cha nidhamu, una haki ya kupewa muda wa kujiandaa, usiopungua saa 48. Kama kuna chama cha wafanyakazi hapo kwenu, mwone mwakilishi wake kabla hujapeleka chochote.

Kuhusu "saa tattoo", nakuelewa. Kosa la mkubwa lilichekwa na la mdogo likaandikiwa barua, na hilo linauma. Ila pima: tattoo haikumgusa mtu. Neno lako lilimfikia mzee aliyetoka hospitali, na kwetu kumtajia mgonjwa kaburi ni uchuro. Pengine hasira ya meneja imetokana na simu ya yule kijana wa mzee zaidi ya herufi zenyewe. Ukiliingiza la tattoo kwenye maelezo yako, mzee atapotea katikati na itabaki mizani ya nani alikosea zaidi. Ukiliacha, unabeba uchungu wa kutotendewa sawa. Vyote viwili vina gharama.

Hapo ndipo nina swali ambalo barua yako haikulijibu. Mzee mwenyewe amesema nini? Nimesikia mwanawe, nimesikia meneja, mumeo, shangazi, mabinti wa kaunta. Sauti ya mzee sijaisikia. Unadhani amekasirika, na inawezekana. Inawezekana pia alisoma, akatambua ni kosa la chapa, akaiweka barua mezani, na hasira yote ikawa ya mwanawe aliyekuwa anamuuguza. Unateswa na uso ambao hujauona.

Ungeweza kwenda kumwona. Usiende kinyemela, maana barua ilikuwa ya chama na ofisi inaweza kusema umepita mlango wa nyuma. Uliza kwanza kama chama kimeshaomba radhi rasmi, na kama hakijaomba, omba uwe mmoja wa watakaokwenda. Mpigie yule kijana kabla, umsikilize mpaka amalize. Tafuta mtu mzima anayefahamiana na mzee aongozane nawe. Ukifika huenda usipokewe vizuri, nakuambia mapema. Lakini mzee wa miaka 78, mwasisi wa chama, ameshaona barua nyingi zilizokosewa, na kumwona mwandishi akiwa amekaa mkekani anamwamkia ni tofauti na kuisoma karatasi yenye muhuri.

Na la mama? Unaogopa wataona unamtumia marehemu kama kinga. Nikuulize: kama mwenzako wa kaunta ndiye angekuja kwako na habari hiyohiyo, ungemwona anajikinga? Katika barua ya kujieleza unaweza kuliacha nje, kwa kuwa faili si mahali pa kuweka msiba, na huwezi kujua nani ataisoma. Unaweza kuliweka kwa mstari mmoja mkavu, kwamba simu ilikuwa imelizoea neno hilo kutokana na shughuli za msiba wa mama. Au unaweza kumwambia mtu mmoja tu ofisini, unayemwamini, kwa mdomo. Wale mabinti wanapokuita "Mama Kaburi" hawajui wanachokigusa. Wanaona neno la kuchekesha na wewe unacheka nao. Siku ukiacha kucheka, ukamwita mmoja wao pembeni ukamwambia jina hilo lilitoka wapi, nadhani litakufa jioni hiyo. Na kama hujawa tayari kulisema, hilo nalo nalielewa.

Umeuliza kuhusu kujieleza tu, lakini nimefanya kazi na maandishi miaka mingi, siwezi kuliacha la usomaji prufu, yaani kukagua maandishi kabla hayajatoka. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni, yaani chembe za urithi, za binadamu ilitangaza mwongozo mpya wa majina. Jeni kama MARCH1 na SEPT1, zikiandikwa kwenye Excel, programu ya majedwali, zilikuwa zinageuzwa kuwa tarehe, Machi mosi na Septemba mosi, na makosa hayo yalikuwa yamejaa kwenye makala za kisayansi. Wanasayansi walikuwa wameambiwa kwa miaka wawe makini. Haikusaidia. Mwishowe wakabadilisha majina, MARCH1 ikawa MARCHF1, SEPT1 ikawa SEPTIN1. Walibadilisha mpangilio, kwa sababu walijua jicho la binadamu huchoka.

Ofisini kwenu mpangilio huo unaweza kuwa kitu kidogo sana: nakala ya faili iwe na nafasi tatu za saini fupi, aliyeandika, aliyesoma, aliyeidhinisha, na aliyesoma asiwe aliyeandika. Asome kwa sauti. "Kaburi sana" ikitamkwa, hata anayepita mlangoni atageuka. Mistari ya kufungulia na kufungia barua isomwe ya kwanza, kwa sababu tumeikariri na hakuna anayeiangalia, ndiyo maana "Waco" ilipita. Kisha majina, tarehe na kiasi cha fedha, kimoja kimoja, kidole kikiwa kwenye karatasi. Dakika kumi zinatosha kwa barua ya ukurasa mmoja, na kama dereva hawezi kungoja dakika kumi, afadhali mwaliko upigwe kwa simu kwanza na barua ifuate kesho. Sijui kama utalipendekeza hili ndani ya maelezo yako, ambapo linaweza kuonekana unakwepa, au utangoja mambo yatulie. Wewe utapima.

Kwenye simu yako, nenda kwenye mipangilio ya kibodi uzime kujisahihisha. Maneno yatabaki kupendekezwa juu, lakini hayatajiingiza yenyewe. Kibodi nyingi pia hukuruhusu kuliondoa neno moja lililokaririwa. Sikuambii uliondoe. Kaburi la mama bado litahitaji kupaliliwa, ndugu bado wataandikiana, na neno hilo lina kazi yake kwenye simu yako. Kazi za ofisi ndizo zingetafutiwa pengine pa kuandikwa.

Na hiyo barua ya kujieleza, vyovyote utakavyoiandika, usiitume siku uliyoiandika. Ilaze. Asubuhi mpe shangazi yako akusomee kwa sauti, polepole, wewe ukae usikilize bila kuishika.